UZI: Safari ya gari na kulala kambini. Fungasha kwa kazi, usifungashe kwa orodha ya vitu (Dar–Iringa–Ruaha)

Mwanzisha uzi:

Wakuu, heshima kwenu.

Kiangazi ndiyo hiki kimeingia na kila kundi la WhatsApp lina watu wanaopanga kwenda kulala kambini. Mikumi, Ruaha, Saadani, Tarangire. Nafurahi mno kuona tunazitembelea hifadhi zetu kwa magari yetu, tunapika wenyewe na kulala kwenye mahema. Ila kuna jambo linaniuma kila nikiwa kambini: watu wanafika na gari limejaa hadi juu ya paa, halafu chai haichemki.

Watu hawasahau vitu vikubwa. Mtu hawezi kusahau hema, atasahau vigingi vyake. Mtungi wa gesi upo, kiberiti hakipo. Maharage ya kopo yapo, kifungua kopo kimebaki kwenye droo Mbezi. Tairi la spea lipo, lakini ule ufunguo mdogo wa nati za usalama hakuna anayejua ulipo tangu gari linunuliwe. Kinachobaki nyumbani ni kile kidogo kinachokiwezesha kikubwa kufanya kazi, na kinabaki kwa sababu orodha haikukitaja. Orodha ya mtandaoni inasema "jiko". Haisemi kiberiti, haisemi kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, haisemi mwiko.

Kwa hiyo mimi nafungasha kwa kazi. Najiuliza: tukifika tutafanya nini kwanza, halafu nini, mpaka watu walale? Kila kazi inapata kasha lake, na ndani ya kasha kunawekwa kila kinachohitajika kuianza na kuimaliza kazi hiyo bila kufungua kasha jingine. Kasha la kulala, kasha la kupika, kasha la gari, begi la dawa, bahasha ya karatasi. Basi.

Tuchukue safari halisi: Dar mpaka Ruaha. Dar–Iringa ni kama kilomita 500, unalala Iringa mjini, asubuhi unashuka kuelekea hifadhini, zaidi ya kilomita 100 nyingine.

Kasha la kupika. Hapa ndipo penye matatizo mengi, nitakaa hapa kidogo. Wengi wetu tunatumia ule mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha kuwashia kinachofungwa juu yake. Ni kifaa kizuri sana kwa kambi. Lakini kabla hujaupakia, fungua kile kichwa uangalie ndani ya mdomo wa mtungi: kuna mpira mdogo wa duara. Mpira huo ukiwa umekauka na kupasuka, au umedondoka, gesi inavuja pembeni na moto unaweza kuwaka mahali usipoutaka. Funga tena, paka povu la sabuni kwenye maungio, fungulia kidogo. Povu likitoa mapovu yanayokua, hapo pana uvujaji. Mpira wenyewe ni bei ndogo sana Kariakoo, lakini ukiwa Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha, huwezi kuupata hata ukiwa na milioni mkononi. Nunua wa akiba, uweke kwenye kifuko pamoja na viberiti viwili: kimoja cha gesi, kimoja cha njiti ndani ya chupa yenye kifuniko.

Halafu fanya jaribio hili wiki moja kabla ya safari. Jioni, toa kasha la kupika nje uani, funga mlango wa jikoni, pika chai na chakula cha usiku kwa vilivyomo kwenye kasha tu. Kila utakapotaka kuingia ndani kuchukua kitu, kijiko, chumvi, chujio, dodoki, umekipata kitu ambacho ungekisahau. Jaribio hili linafichua mambo kuliko orodha yoyote niliyowahi kupakua. Fanya hivyohivyo kwa hema: lisimamishe uani mpaka mwisho, hesabu vigingi, angalia zipu, lala humo kama una nafasi. Hema ambalo limekaa stoo tangu mwaka juzi linaweza kuwa limeliwa na panya.

Chakula chenyewe. Msibebe nyanya na vitunguu kutoka Dar, vinasagika bure. Njiani, pale Ruaha Mbuyuni, kuna vitunguu vizuri kweli, na ukishapanda mlima Kitonga ukafika Ilula nyanya zimepangwa kando ya barabara kwenye matenga. Beba kutoka nyumbani vile ambavyo njiani havina uhakika. Nyama igandishwe kabisa na iwekwe chini ya deli. Badala ya kununua barafu gandisha chupa za maji ya kunywa, uzipange juu ya nyama: zinapoza, na zikiyeyuka mnakunywa. Barafu ya kawaida ikiyeyuka inaloanisha kila kitu na haina kazi tena.

Machungwa, ndizi mbivu na maembe vimalizeni Iringa. Tembo ana pua kali, na matunda ndani ya hema ni kumwita. Usiku chakula chote hakilali kwenye hema hata kidogo, hata pakiti ya biskuti ya mtoto.

Maji. Mimi napiga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, ya kuoga ni mbali. Watu wanne siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Hizo ni kilo 60, mkuu! Usiziweke juu ya paa wala nyuma kabisa kwenye buti. Zikae sakafuni nyuma ya viti vya mbele, zimebanwa zisitembee.

Kasha la kulala. Hema, vigingi, nyundo, kamba za ziada, turubai la chini, magodoro, mablanketi, tochi ya kichwani kwa kila mtu. Kila mtu, wakuu, watoto pia. Tochi moja ya familia inamaanisha mmoja akienda chooni wengine wako gizani. Kasha hili linaingia kwenye gari mwisho ili litoke kwanza, maana hifadhini magari hayatembei usiku, na mkichelewa mtafika kambini jua likizama. Nimewahi kuona familia ikishusha deli, viti, mpira wa watoto na mizigo yote gizani, fisi analia upande wa pili wa mto, kwa sababu hema lilikuwa chini kabisa. Mama wa watu anashikilia simu kumulika, chaji inaisha.

Nguo sina mengi. Safari hii ina hali ya hewa mbili: Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 na mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kweli, kule hifadhini mchana ni joto. Sweta zito moja linatosha. Epukeni bluu iliyokolea na nyeusi, rangi hizo huvuta mbung'o, na Ruaha mbung'o wapo.

Bahasha ya karatasi. Leseni, kadi ya gari, bima, vitambulisho vya kila mtu maana kiingilio cha raia kinahitaji uthibitisho. Malango ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokei pesa taslimu, kwa hiyo kadi ya benki iwe na salio au mwe mmelipia mapema kwa namba ya malipo. Pesa taslimu bado mtazihitaji barabarani. Namba za simu muhimu ziandikwe kwenye karatasi, mtandao una sehemu zake.

Nimeacha gari kwa makusudi, najua humu kuna watu wa barabara. Karibuni.

Mdau wa Arusha:

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni mama wa watatu na tunaenda kambi karibu kila likizo, naongeza ya watoto.

Usipange nguo za watoto kwa aina, suruali zote pamoja, soksi zote pamoja. Panga kwa siku. Kifuko kimoja, siku moja: suruali, fulana, chupi, soksi. Asubuhi kila mmoja anapewa kifuko chake, nguo chafu zinarudi humohumo. Ukipanga kwa aina, siku ya kwanza tu begi zima limepinduliwa.

Kitu cha pili ni sendozi. Usiku mtoto akitaka kwenda chooni hatafunga kamba za raba. Sendozi zikae mlangoni mwa hema, kwa ndani, na zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nge anapenda mahali hapo.

Pia kitu anachokipenda mtoto cha kulalia, kama ana doli au shuka lake. Mtoto asipolala, kambi nzima hailali.

Swali langu ni baridi. Tumewahi kulala kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ni zaidi ya mita 2,200, watoto walitetemeka. Kuna mtu alinishauri niingize jiko la mkaa ndani ya hema kwa dakika chache lipashe joto halafu nilitoe. Wengine mnafanyaje?

Muuguzi wa Dodoma:

Dada yangu, USIFANYE HIVYO. Naomba kila anayesoma uzi huu anielewe vizuri.

Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikeri macho kama moshi. Unaanza kuumwa kichwa, unasinzia, unadhani ni uchovu wa safari, na huamki. Hema ni dogo na limefungwa zipu, kwa hiyo inajaa haraka. Hata mkaa unaoonekana umezimika, wenye majivu juu, bado unatoa. Hata jiko la gesi si la kupashia joto hema. Hakuna "dakika chache" hapa.

Dawa ya baridi ipo kwenye kufungasha. Baridi kubwa inatoka chini, ardhini. Watu wanabeba mablanketi matatu ya kujifunika na wanalalia kigodoro cha inchi moja. Hamishia blanketi moja chini ya godoro, au tandika mkeka mnene, utaona tofauti usiku uleule. Kofia ya sufu na soksi kavu za kulalia tu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikafungwa na taulo, inawekwa miguuni kwa mtoto.

Kwa kuwa nimeingia, begi la dawa. Kwanza dawa zenu za kila siku: presha, sukari, pumu, miwani pia. Hizo hazinunuliki njiani kwa urahisi, na mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, isiwe kwenye buti. Weka siku chache za ziada endapo gari litaharibika. Baada ya hapo: ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), panadoli ya wakubwa na ya watoto kwa kipimo chao, dawa ya mzio, kipima joto, bandeji pana mbili za kuvutika, plasta, glovu, dawa ya kusafishia kidonda, kibanio cha kutolea mwiba. Chandarua, na dawa ya mbu ya kupaka. Mkirudi mtu akipata homa hata wiki mbili baadaye aende akapime malaria na aseme alikuwa wapi.

Nyoka: wembe hauna kazi hapo, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mlaze mgonjwa, mguu au mkono usitikisike, vueni pete na viatu kabla havijavimba, na mwondoke kwenda hospitali. Kwa hiyo kabla ya safari jueni hospitali iko wapi, na gari lisilale likiwa limezuiwa na mahema.

Mdau wa Arusha:

Nimeelewa dada, ubarikiwe. Hilo la blanketi chini sikuwahi kulifikiria. Nimelituma kwenye kundi la wazazi wa shuleni sasa hivi.

Dereva mstaafu:

Vijana wangu, habari za jioni. Nimeendesha malori barabara ya Dar–Tunduma kwa miaka mingi, nimeona magari madogo ya familia yakikwama kila mahali. Niseme ya kwangu.

Jeki, spana ya magurudumu na pembetatu vinatakiwa vifikiwe bila kushusha mzigo. Hilo ndilo la kwanza. Tairi linapasuka mahali lipendapo. Ukipasukia kwenye kona za Kitonga na jeki iko chini ya deli, madumu na mahema, utashusha mzigo wote kwenye barabara ambayo malori yanateremka. Pembetatu ziwe nyuma ya kiti cha dereva. Tukiharibikiwa sisi tunaongeza matawi ya miti nyuma na mbele, kila dereva wa njia ile anayajua. Na mkiyaona matawi barabarani, punguzeni mwendo, kuna gari limelala mbele. Ukishaondoka yaondoe.

La pili, lishusheni tairi la spea kabla ya safari. Msiliangalie tu, lishusheni. Mengi yanaishi chini ya gari miaka bila kuguswa, winchi yake imeshika kutu haishuki, au tairi halina upepo. Magari mengi yanayotoka Japani yana spea nyembamba ya muda, imeandikwa pembeni mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ile ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kuingilia mbugani. Mengine hayana spea kabisa, yana kichupa cha gundi na pampu, na hicho kichupa kina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kasome leo.

La tatu ni upepo. Gari likijaa watu na mzigo linahitaji upepo tofauti na la mtu mmoja wa kwenda kazini. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinasema kiasi cha gari tupu na cha gari lililojaa. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Na mkiteremka Kitonga mkirudi na huo mzigo, tieni gia ndogo tangu juu. Msiteremke kwa breki, zitachemka.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri.

Naongezea kwenye hilo la vitu vya kufikiwa haraka. Ile barabara kuu inakatiza Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo hamshuki kwenye gari ovyo wala hamtupi kitu dirishani. Kwa hiyo kabla hamjaingia kipande kile, maji ya kunywa, tishu, kifuko cha taka na kifuko cha mtoto anayetapika viwe mikononi mwa watu. Nimeona gari likisimama katikati ya hifadhi, baba anafungua buti kutafuta nepi na nyani wameshazunguka.

Dereva mstaafu:

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, na nyani wa pale wamezoea kulishwa, hawaogopi mtu.

Mdau wa Mbeya:

Wakuu mimi nina gari dogo la Toyota IST na familia ya watu wanne. Nikisoma vitu vyote hivi naona sitatoka hata nyumbani. Vitaingia wapi?

Mwanzisha uzi:

Mkuu, swali zuri sana, na jibu linaanzia kwenye kupunguza.

Gawa vitu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni visivyonunulika njiani: dawa, miwani, karatasi, ufunguo wa nati, chaja, vigingi, mpira wa gesi. Hivi vyote kwa pamoja vinaenea kwenye begi moja la mgongoni, angalia mwenyewe. Fungu la pili ni vinavyopatikana njiani: mboga, mchele, mafuta ya kula, maji, sabuni. Vinunue Iringa, kilomita za mwisho ndizo zitakazobeba uzito. Fungu la tatu ni vile vya "huenda tukahitaji": spika kubwa, meza, sufuria tano, viatu jozi tatu. Hilo libaki Mbeya. Sufuria mbili zinazoingiliana na kikaango kimoja vinawatosha watu wanne.

Mabegi magumu yenye magurudumu yanaumiza sana gari dogo. Tumia mabegi laini, yanajibana kwenye pembe. Mablanketi yawekwe kwenye foronya, mchana ni mto wa watoto, usiku ni kazi yake.

Kuhusu kuingia hifadhini na IST: barabara za ndani zinataka gari lililo juu kidogo. Kijiji cha Tungamalenga, kabla ya lango, kuna kambi za kulala na magari ya kukodi kwa mzunguko wa siku. Lala pale, IST ipumzike, mwingie na gari la mwenyeji anayezijua njia. Na mafuta jaza Iringa, usiondoke mjini na nusu tenki.

Mdau wa Nakuru:

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri sana huu, hebu niweke yetu kwa wale watakaovuka mpaka kuja kutembea.

Kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Hiyo ni pamoja na chupa za maji za dukani, sahani na vijiko vya plastiki. Kwa hivyo ule ujanja wa kugandisha chupa za dukani hautafanya kazi kwenye mbuga zetu. Gandisha kwenye chupa za chuma au zile ngumu za kutumia tena, na maji mengine yawe kwenye mitungi.

La pili ni upepo. Nimepiga kambi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Si ajabu mtambo mkubwa wa umeme wa upepo, ule wenye mapangaboi 365, ulijengwa upande ule wa ziwa. Usiku upepo unashuka kwa nguvu na vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema vinang'oka mmoja baada ya mwingine. Ardhi yenyewe ni mawe, kigingi hakiingii. Tulichotumia ni kamba ndefu zilizofungwa kwenye mawe makubwa, na magunia madogo matupu tuliyoyajaza mchanga na changarawe palepale, moja kila pembe ya hema. Gunia tupu halina uzito kwenye gari. Kwa hivyo kasha la kulala lipangwe kulingana na mahali: msituni vigingi vinatosha, jangwani na ufuoni beba magunia na kamba.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu wa Nakuru asante, hilo la magunia nalichukua. Sisi huku mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo taka zetu nazibebea kwenye kiroba. Kiroba hakitoboki na mfupa kama mfuko laini, na kinafungwa nyuma ya gari mpaka mjini.

Mdau wa Moshi:

Mimi nitapingana nawe kidogo, mkuu. Orodha haina kosa, kosa ni wakati tunapoiandika. Mtu anakaa sebuleni siku moja kabla ya safari, anawaza, anaandika. Hapo anaandika anachokikumbuka, na alichokisahau hakimo.

Sisi tunaandika siku ya KURUDI. Gari likisimama nyumbani, kabla mtu hajaoga, mmoja anakaa na daftari wengine wanashusha. Kila kitu kinachoshuka kinaulizwa: kilitumika? Kilichotumika kinaandikwa. Ambacho hakikutumika kinakatwa, isipokuwa vya dharura kama dawa, kizima moto na spea. Halafu: ni nini tulikiazima kwa majirani wa kambi? Kinaandikwa kwa wino mwekundu. Orodha hiyo inabandikwa ndani ya kifuniko cha kasha lenyewe.

Na kasha halifunguliwi tena. Sufuria za kambi ni za kambi, haziingii jikoni. Ukiazima kile kifungua kopo kwa ajili ya nyumbani siku moja, ndiyo imetoka hiyo.

Mwanzisha uzi:

Hapo umenishawishi kabisa. Nitabadilisha utaratibu: jaribio la uani kabla ya safari ya kwanza, orodha ya kurudi kwa safari zote zinazofuata. Hilo la kutoazima vitu vya kasha hata mimi nalisimamia nyumbani kwangu, tulinunua visu na vijiko vya bei nafuu vya kasha ili pasiwe na sababu.

Usisahau kabla ya kulifunga kasha: sufuria zikauke kabisa, na hema likaushwe juani siku nzima hata kama mvua haikunyesha. Umande wa usiku unatosha kuliozesha.

Mdau wa Mbeya:

Nimeelewa wakuu, asanteni. Nimeanza leoleo, nimeshusha spea kama mzee alivyosema, upepo ulikuwa umeisha kabisa. Swali la mwisho: nimenunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Nimejaza tairi moja vizuri, kwenye la pili imezima na sasa hata chaja ya simu haifanyi kazi kwenye tundu lile. Nimeua gari?

Dereva mstaafu:

Hapana mwanangu, ni fyuzi ya lile tundu imekatika. Pampu inavuta umeme mwingi kuliko simu. Angalia kwenye pampu imeandikwa ampia ngapi, kisha angalia fyuzi ya tundu. Magari mengi huwa na ya 15. Kisanduku cha fyuzi kiko chini ya usukani au pembeni yake, mchoro uko kwenye kifuniko. Ing'oe kwa kile kibanio kidogo cha plastiki, weka nyingine ya namba ileile. Usiweke kubwa zaidi, utachoma waya. Ukitumia pampu, injini iwe inawaka, na kila tairi likijaa ipumzishe dakika kumi.

Nunua fyuzi nne, ziweke kwenye mfuko wa pampu.